Tapeti Zilizonyamazishwa

Siku niliyoripoti karakana ya mradi wa kilimo pale Ngara, nilimkuta Fundi Mkuu kainamia injini. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanikabidhi valvu moja na dawa ya kusagia. "Saga mpaka ikae bila kuvujisha," alisema. "Hiki ni kifuniko cha chungu. Kikikaa upande, kuni zitateketea na maharage hayaivi."

Vijana, msidanganywe kwamba mafuta huliwa na mguu wa dereva peke yake. Valvu moja huingiza hewa kwenye silinda, nyingine hutoa moshi. Zikifunga barabara, kila tone la dizeli linafanya kazi. Na kwa kuwa chuma hutanuka kikipata moto, kwenye injini zetu za zamani tuliacha mwanya mwembamba kati ya valvu na tapeti, kile chuma kinachoisukuma ifunguke. Mwanya huo ndio ulioleta mlio wa tapeti, ti-ti-ti, na fundi akiusikia roho yake inatulia.

Meneja wa Usafiri aliuchukia.

"Nikifika kikaoni gari linalia kama cherehani," aliniambia. "Kaza hizo tapeti zinyamaze."

"Mzee, nikizikaza valvu hazitafunga. Gari litakula mafuta, na valvu zitaungua."

"Nimekuomba ushauri?"

Nilikataa. Mwezi haukuisha nikahamishiwa Biharamulo, na tapeti zikakazwa na mwingine.

Gari likawa kimya, likaanza kunywa dizeli, hasa kwenye vilima. Dereva wake alikuwa Anselmi, mtu wa Murukulazo, asiyegusa cha mtu. Meneja akasema anauza mafuta njiani, akamfukuza mbele ya wafanyakazi wote. Habari zilifika kijijini kabla yake. Mama yake, aliyekuwa akiongoza sala za jumuiya, akaacha hata kwenda kanisani kwa aibu.

Baadaye gari lilishindwa kabisa kupanda, likavutwa mpaka kwangu Biharamulo. Nilipofungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikakuta valvu ya moshi imelika ukingo. Nikaipeleka Ngara, nikamkabidhi Meneja mkononi, nikamweleza kwamba hapa ndipo dizeli ilipokuwa ikipotelea.

Aliitazama kidogo. "Dereva alishaondoka," akasema. "Weka mpya, ufunge."

Sijamsamehe, na wala sijaribu.

Likizo ilipofika nilikwenda Murukulazo na valvu ile mfukoni. Anselmi aliigeuzageuza kiganjani huku nikimweleza.

"Kaka, mama tumemzika juzi," alisema. "Kila nikimpelekea uji alikuwa ananiuliza, mwanangu, kweli hukuchukua? Nikimwambia sikuchukua, ananyamaza."

Nikamwomba anionyeshe kaburi.

Sasa nimestaafu, nalima Nyamahanga. Injini za siku hizi nyingi zina valvu nne kwa kila silinda, zinapumua vizuri, na baadhi hurekebisha mwanya zenyewe kwa nguvu ya oili. Ziko kimya na hazili mafuta ovyo. Vijana wakizisifia nakubaliana nao, maana ni kazi nzuri. Kinachoniuma ni kwamba kimya alichokitaka yule bwana kimekuja kwa haki, wakati sisi tulilipia cha bandia.

Valvu ile Anselmi hakunirudishia. Aliichomeka kwenye udongo wa kaburi la mama yake, chini ya msalaba. Mara ya mwisho nilipopita Murukulazo bado ilikuwepo, inashika kutu.