Neno "shellfish" lilivyonitoa jasho jikoni Bugene

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti wa Ihanda, kwetu ni migomba na kahawa. Mwaka jana nikapata kazi ya jikoni kwenye lodge ndogo hapa Bugene.

Mpishi mkuu, dada Koku, akanipa daftari la maneno ya kazi. Sauté, simmer, marinate, dry wine. (Wine inamwagika halafu inaitwa kavu? Ilinisumbua wiki nzima.)

Lile daftari nililiogopa kuliko mtihani wa form four.

Siku moja mchana akaja mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka Dar. Mhudumu akaniletea order imeandikwa: no shellfish.

Dada Koku alikuwa sokoni Kayanga. Nikafungua daftari: shellfish ni kamba, kaa, chaza.

Nikacheka. Karagwe kamba tunayoijua ni ya kufungia ng'ombe!

Nikampelekea matoke na maharage. Kwa ukarimu wangu nikaongeza kisahani cha senene, wale panzi wetu, wa kukaanga.

"Onja mama, ndiyo heshima ya huku kwetu."

Dada Koku aliporudi akaisoma ile order, kisha akakiona kile kisahani mezani.

"Nani kampa senene mtu mwenye aleji ya kamba?"

"Dada, senene si kamba."

"Mwili wake haujasoma daftari lako! Wengi wasiopatana na kamba, hata senene huwadhuru."



Nikakimbilia mezani. Mama anajikuna shingo, mdomo wa juu umeanza kuvimba. Tukampakia kwenye gari lake, nami nikapanda, dereva akakanyaga mafuta hadi hospitali.

Nilikaa kwenye benchi nje nasali kwa Kinyambo, Kiswahili chote kimenitoroka. Kila mlango ukifunguliwa, nasimama.

Alichomwa sindano. Baada ya kama saa mbili akatoka, kachoka ila anapumua vizuri.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Ya senene hata mimi sikuyajua. Ila siku nyingine usibaki na karatasi, njoo uniulize."

Nilichojifunza: kujua tafsiri ya neno bado si kulijua neno. Siku hizi order ikiwa na "no" natoka jikoni, namuuliza mgeni mwenyewe hicho chakula kinamfanyaje akikila.



Wapishi na wahudumu mliomo humu, ni neno gani liliwahi kuwaponza? Na wenye aleji, mngependa tuwaulize nini? Nasoma comment zote.