Farasi Watano wa Mke wa Kinyozi

Kwa miaka kumi na minane alifua vitambaa vinavyowekwa chini ya matandiko katika shule ya kufundishia watu kupanda farasi, nje kidogo ya mji. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda farasi hata siku moja. Lakini aliwajua wote, tabia zao na maradhi yao, na wao waliijua sauti ya ndara zake tangu getini. Mwenye shule alipozeeka na kuamua kuhamia kwa wanawe, farasi wazuri walipata wanunuzi upesi. Wakabaki watano ambao hakuna aliyewataka.

"Chagua mmoja," mzee akamwambia, "iwe asante yangu kwako."

"Nikimchukua mmoja, hao wanne nitawatazama usoni vipi?"

Akaondoka na wote. Aliwafunga kamba mmoja nyuma ya mwingine, akakatiza nao katikati ya mji mchana kweupe.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, benchi la kusubiria. Aliposikia kwato alitoka na mkasi mkononi, akahesabu vichwa, akahesabu tena.

"Mke wangu, si ulisema unaleta zawadi?"

"Ndiyo hii."

"Zawadi yenye miguu ishirini?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mpana uliobaki baada ya ghala la mbao kubomolewa. Hapo wakajenga banda la mabanzi na mabati. Mtaa ukampa jina la Mama Farasi, mwanzoni kwa kumcheka. Yeye akalivaa kama kanga mpya. Farasi nao aliwapa majina. Mkaguzi alikuwa yule wa kijivu, maana hakuna ndoo wala mfuko ambao hakuuchungulia. Bi Harusi, mweupe, hakukanyaga tope. Pacha walikuwa wawili wa kahawia ambao hawakula mpaka wasimame bega kwa bega. Na Shangazi alikuwa jike kongwe, meno yamelika, mwenye kununa kwa siku nzima akicheleweshewa chakula.

Mwaka wa pili mvua ikakata. Ikakata na msimu uliofuata. Bomba la mtaani likawa linatoa maji siku mbili kwa wiki, tena kwa kukohoa. Farasi mmoja alitaka madumu mawili kwa siku, na farasi walikuwa watano. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Alfajiri Mama Farasi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya bomba. Jua likichomoza alikuwa sokoni kwa wifi yake, dada wa kinyozi, muuza mboga, ambaye alimwekea maganda ya mahindi na majani ya karoti kwenye gunia.

"Wifi, wateja wangu wanauliza mbona karoti zangu zina upara," alisema yule dada.

"Waambie zimepita kwa kaka yako."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Saa nne alipiga brashi, akakagua kwato moja moja, akafagia banda. Mchana akawahamisha farasi kufuata kivuli cha ukuta, hatua kwa hatua, kama mtu anayesogeza mkeka.

Jirani yao, fundi wa redio, hakufurahia. Kila akija kunyolewa alilalamikia nzi. Siku moja alikuwa kitini, povu limemjaa kidevuni, kofia yake ya majani ameiweka dirishani. Mkaguzi akapenyeza shingo taratibu, na kabla mtu hajasema lolote ukingo wa kofia ulikuwa umeshatafunwa.

"Kinyozi! Kofia yangu!"

"Ya majani, sivyo?" kinyozi akauliza bila kuacha kunyoa. "Kwa njaa hii, hata mimi ningeionja."

Fundi wa redio alisusa wiki nzima, kisha ndevu zikamrudisha.

Lakini utani haukujaza hori. Ukame ulipofika mwezi wa kumi, mbavu za Pacha zilianza kuhesabika. Daktari wa mifugo alikuja na baiskeli yake, akawapima wote, kisha akamvuta mama pembeni.

"Mama, nikufiche nini? Huyu mkongwe anakula na kunywa sehemu ya wenzake. Mwache apumzike. Nitafanya mimi, hatasikia maumivu."

Mama Farasi alishika nguzo ya banda. Alijua daktari hasemi uongo. Ndipo mumewe, ambaye kwa miaka miwili hakuacha kunung'unika juu ya "miguu ishirini," akatokea mlangoni akiwa na beseni.

"Daktari, Shangazi haendi popote. Ameshazoea uji wangu."

"Uji gani?" mkewe akashtuka.

Kinyozi akaona haya kama kijana aliyefumwa. Kumbe kila mchana, wakati wa wateja wachache, alikuwa analoweka pumba kwa maji aliyoyapunguza kwenye birika lake la kunyolea, na kumlisha yule mkongwe kwa kijiko cha mbao. Daktari akatazama beseni, akamtazama kinyozi, akapanda baiskeli yake.

"Basi mpeni polepole," akasema. "Na msimwambie mtu kwamba nilishauri vingine."

Wiki iliyofuata mama aliwapeleka farasi kwenye mto uliokauka, maana alisikia kwamba matete bado yamesimama kwenye kona yake. Walipokaribia hapo, Shangazi alisimama ghafla. Akainamisha pua mchangani, akavuta pumzi ndefu.

"Twende, bibi, jua kali."

Hakwenda. Alivutwa kamba, akakaza shingo. Kisha akaanza kuchimba kwa kwato ya mbele, mchanga ukimrukia mama kwenye gauni. Akapumzika, akachimba tena. Shimo lilipofika magotini mwake, mchanga ukabadilika rangi. Mama akapiga magoti, akatia mkono. Ulikuwa baridi. Akachota kiganja, akakamua, na tone likadondoka.

Alirudi mbio na umri wake wote, ndara mkononi.

"Maji! Baba, Shangazi amepata maji!"

Kinyozi alitoka na aproni yake. Nyuma yake akatoka fundi wa redio, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu, amebeba sepetu. Walichimba mpaka jioni. Wakatumbukiza pipa lililotobolewa matundu ili kingo zisiporomoke, na asubuhi lilikuwa limejaa nusu, maji maangavu.

Habari haikuhitaji redio. Mtaa mzima ulikuja na ndoo, na kwa kuwa mto ulikuwa mbali, Pacha na Mkaguzi wakabebeshwa madumu kwenye matandiko ya zamani ya ile shule, wakipita mlango kwa mlango. Wazee walipelekewa kwanza. Bi Harusi alikataa mzigo, akasamehewa. Na fundi wa redio, mbele za watu, akavua kofia mpya mbele ya yule mkongwe:

"Shikamoo, Shangazi."

Mtaa ukaangua kicheko, lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyempita bila kumwamkia.

Mvua ilirudi baada ya wiki tisa, mchana, watu wakiwa kazini. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, wifi akaacha meza yake sokoni. Uwanjani farasi walikuwa wanagaragara matopeni, hata Bi Harusi, miguu juu, weupe wake umepotea kabisa. Mama Farasi alikuwa amewapiga brashi asubuhi ile ile. Alisimama kwenye mvua akicheka peke yake, kisha na wifi yake, kisha na wote.

Siku chache baadaye majani yalichipua kando ya mto. Aliwafungulia asubuhi, wakaenda zao kula. Akarudi nyumbani. Hakukuwa na foleni, gunia wala kivuli cha kufukuzana nacho. Akaketi kwenye benchi la wateja, asijue mikono aiweke wapi.

"Umekuja kunyolewa?" mumewe akauliza.

"Nimekuja kukaa tu."

Akamletea chai, akaketi naye, na wateja wakasubiri.