Kengele ya Shamba la Vanila

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi alfajiri, dada yangu mdogo alinipigia simu kutoka Kamachumu.

"Kaka, kengele yako imekufa. Usiku wamekata vanila ya jirani. Waya nimeuvuta mwenyewe, kimya."

Nilikuwa nyumbani Kahororo, najiandaa kwenda kufundisha, nimevaa kiatu kimoja. Vanila ya dada ilikuwa ya kwanza tangu aipande, na ilibakiza wiki chache ikomae. Mimi ndiye niliyemshawishi asiweke mlinzi.

Kifaa chenyewe kilikuwa sahani mbili ndogo. Moja niliifunika karatasi ya aluminiamu, nyingine utepe mweupe wa mafundi bomba. Zikigusana na kuachana hujenga umeme kidogo, ule ule unaosimamisha nywele ukivua sweta. Mtu akikanyaga waya uliopita kati ya migomba, sahani huachana, na umeme huo mdogo huamsha kengele yenye betri. Kengele isipolia, betri haitumiki. Nilijifunza hayo peke yangu, na mezani kwangu hayakuwahi kushindwa.

Kwenye gari nilifungua na kufunga mfuko wa vifaa mpaka abiria wa pembeni akauliza kama nimebeba kuku.

Nilipofika nilikagua waya, viungo, betri. Vyote vizima. Sahani ndizo zilizokuwa za rangi ya chai.

"Hizi zilikuwa wapi?"

"Juu ya moto. Si ulisema zikilowa hazifanyi kazi? Kila mvua ikinyesha nazitoa, naziweka kichanjani na mbegu za maharage."

Kwetu kila kitu kinachotakiwa kukaa kikavu hupanda kwenye kichanja cha jikoni. Nilikuwa nimemwambia kuhusu maji. Kuhusu moshi sikuwaza. Masizi hupitisha umeme, na sahani zilikuwa zikiupoteza kabla haujafika popote.

Niliziosha kwa sabuni, nikazifuta, nikazifunga upya. Dada alikanyaga waya na kengele ikalia hadi mbuzi wakashtuka. Akacheka. Kisha wingu likashuka kutoka upande wa ziwa, hewa ikawa nzito kwa unyevu, na alipokanyaga tena ikalia kama mtu mwenye mafua. Mara ya tatu haikulia kabisa, na mvua yenyewe ilikuwa haijaanza.

Nilianza kuzunguka kibanja chake cha migomba. Nilifikiria kopo lenye mfuniko, chumvi iliyokaangwa ya kunyonya unyevu, mpira wa kuziba. Kila wazo lilihitaji siku kadhaa za kujaribu, na kila nilipogeuka niliona maganda ya vanila yananing'inia kijani, kimo cha mkono wa mtu yeyote.

"Kaka waitu, ndugu yangu, utazunguka mpaka lini? Mwizi hasubiri sahani zikauke."

Alimpigia simu mwanamgambo mstaafu wa kijiji aje kulinda. Mzee alikuja na mbwa wake kabla ya chakula cha mchana, akazitazama sahani kwa heshima, akasema, "Kazi nzuri, mwalimu. Ila mbwa wangu akilowa anabweka vilevile."

Malipo ya mlinzi niling'ang'ania kuyatoa mimi, na dada hakunibishia. Vanila yake ilivunwa yote, imekomaa. Fedha ambayo kifaa changu kilitakiwa kumwokolea ikatoka mfukoni mwangu: shilingi elfu sitini.