Kompyuta Niliyoizamisha kwa Hasira

Niliizamisha kompyuta kwenye mafuta kwa sababu ya hasira. Nisidanganye kwamba niliipenda sayansi.

Nilikuwa nahariri video kwenye studio ya bwana mmoja, mtaa wa Pasiansi, hatua chache kutoka ziwani. Bwana huyo alikuwa hafungi dirisha wala hazimi taa, na vile vijidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi vilikuwa vikimiminika ndani, feni za kompyuta zikavivuta. Nilimwambia, "Bosi, tuifungue tuisafishe." Akanijibu mashine yake haifunguliwi na mwanamke. Siku mashine ilipozima, akina mama wa kwaya walikuwa kwenye benchi wakisubiri video yao. Akawaambia, mimi nimesimama pale pale, "Mama zangu, mnisamehe. Huyu binti kamwaga chai ndani ya mashine."

Chai! Mimi hata sinywi chai kazini. Alinifukuza siku hiyo hiyo, na kila nilikobisha hodi nikakuta habari ya chai imeshafika kabla yangu. Harusi, kipaimara, hakuna aliyenipa kazi tena. Nilichotaka kwake kikawa kimoja tu: anisafishie jina mbele ya akina mama walewale waliomsikia akilichafua.

Basi nikasema, kama mimi ni wa kumwaga, ngoja nimwage kweli. Nilishasoma mtandaoni kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi ndani ya mafuta ya madini, maana hayapitishi umeme na yanabeba joto. Feni haihitajiki, kwa hiyo hakuna cha kuvuta mdudu. Fundi vioo wa Mabatini akanitengenezea tangi kama la kufugia samaki. Mafuta nikayapata duka la dawa za mifugo, yale meupe yasiyo na harufu ambayo wafugaji huwanywesha ng'ombe waliovimbiwa. Muuzaji aliyatazama madumu niliyobeba.

"Dada, kwani ng'ombe wangapi wamevimbiwa?"

"Mmoja tu," nikamwambia. "Yuko Pasiansi."

Chumbani kwangu Kiseke nikaizamisha kompyuta yangu mwenyewe, kila kitu isipokuwa diski, kwa sababu diski ina kitundu cha kupumulia, na mafuta yakiingia humo imekufa. Pampu ndogo ikawa inayazungusha mafuta hadi kwenye rejeta kuukuu ya gari niliyoining'iniza nje ya dirisha, yapoe kwa upepo. Nikabonyeza swichi. Ikawaka, tena kimya kabisa. Nilimtukana yule bwana kwa sauti, peke yangu, na nilifurahi sana.

Kisha nikangoja vijidudu vimrudie. Karibu miaka miwili baada ya kunifukuza, wingu zito la vijidudu lilitua Pasiansi, asubuhi watu wakawa wanavizoa kwa koleo. Kompyuta yake mpya nayo ikazima, na ndani yake mlikuwa na video nyingine ya kwaya ile ile, imebaki siku mbili izinduliwe kanisani. Alishasikia kwamba yangu ya mafuta haizimwi na mdudu, na kabla ya saa sita mchana alikuwa mlangoni kwangu, diski kaifunga kwenye kitambaa.

"Mdogo wangu, nisaidie. Wataniua wale mama."

"Shikamoo, bosi," nikasema, maana adabu ni adabu. "Nitakusaidia. Lakini waite waje hapa, na uilete na hiyo mashine."

Walikuja akina mama sita. Nikampa bisibisi afungue mwenyewe mbele yao. Feni haikuonekana, palikuwa na donge jeusi la vijidudu, linanuka kama dagaa walioloa. Akainama akalitazama.

"Hata ile ya kwanza," akasema chini chini, "haikuwa chai."

Mwenyekiti wao akacheka kwa upole, akanishika bega. "Mwanangu, mambo ya chai sisi tulishasahau zamani."

Walishasahau! Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo, nimenyimwa kazi kwa ajili yake, na wenyewe wamesahau. Nilitamani kulia mbele yao. Sikutaka wasahau. Nilitaka wakumbuke vizuri, kila mmoja, alikuwa amekaa wapi kwenye lile benchi na aliniangalia vipi. Yule bwana alikuwa ameshaanza kutabasamu, akidhani yamekwisha. Diski ilikuwa mezani, waya wake mkononi mwangu, bado sijauchomeka.

"Bosi," nikamwambia, "hawajasikia. Simama useme tena, kwa sauti."