Panadoli na miwani ya marehemu

Leo nimenyimwa panadoli duka la dawa hapa Bariadi, mbele ya watu.

Kila jioni nikisoma, kichwa kinabana kama kimefungwa kamba. Binti muuzaji akauliza, "Babu, unameza tangu lini?"

"Wiki ya tatu, kila siku."

Mama mmoja nyuma yangu akacheka. "Guku, babu yetu huyu, anatafuna kama karanga!"

"Basi sikuuzii, babu. Nenda hospitali. Na hiyo miwani ulipimiwa lini?"

Nikaisukuma juu puani.

Sikupimiwa. Ni ya marehemu mke wangu. Tangu tuhame Mwamanyili tuliivaa kwa zamu, gazeti likifika.

"Ipumzishe," binti akasema taratibu.

Kichwa bado kinabana. Haya nayaandika nikiwa nimeivaa.

Ninyi mngeivua?