Miwani ya Ziwani

Baba alisema jua la ziwani limekuwa kali kuliko zamani, nasi tukamwamini. Nani angebishana naye? Ni sajini mstaafu, mtu aliyezoea kutoa taarifa na taarifa ikapokelewa. Alisema maji yanampiga machoni, kwamba asubuhi ukitoka mwalo wa Ggaba kuelekea mashariki ziwa lote linageuka bati jipya, huoni boya wala gugu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikunja uso kule, kwa hiyo sikuona ajabu. Alipogonga nyonga kwenye meza ya jirani, tulisema ni jua la jana. Alipomimina chai pembeni ya kikombe, tukasema jua. Ukoo mzima wa askari na polisi, watu waliofundishwa kulenga shabaha, tulikaa sebuleni Makindye tukililaumu jua.

Boti aliinunua baada ya kumzika mama. Baba ni Mwislamu, mama alikuwa mtu wa kanisa, na Jumapili nyumba yetu ilikuwa yake: pasi ya mkaa, gauni lililotandazwa mezani, nyimbo za kwaya akizifanyia mazoezi huku akitukemea. Alipoondoka, Jumapili ilibaki na kimya kibaya. Baba alikuwa akilala hadi adhuhuri, yeye ambaye maisha yake yote aliamka kabla ya adhana. Siku moja akatoa akiba yake ya pensheni, akarudi na boti ya mbao na injini kuukuu, akaniambia, "Wewe utaendesha." Sikuwahi kuendesha hata pikipiki. Lakini Jumapili iliyofuata aliamka mapema, akavaa, akaniita, na mimi nilifurahi kiasi cha kutaka kulia. Tangu hapo nilijua kwamba boti ile ndiyo inayomtoa kitandani, na kwamba siku itakapokosekana sitakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Uvuvi wetu ulikuwa na utaratibu wake. Baba alikaa mbele kabisa, mgongo kwangu. Mimi nyuma, mkono kwenye injini. Hatukuzungumza. Injini ikinguruma hakuna anayesikia, na ikizimwa alikataza maneno kwa sababu, kwa imani yake, sangara ana masikio kuliko jirani. Aliniongoza kwa mkono wa kulia, kama alivyokuwa akiongoza vijana wake porini. Mkono ukienda kulia, naenda kulia. Kiganja kikishuka, napunguza mwendo. Kikifungwa ngumi, nazima. Huko ziwani kuna nyavu za watu, zimeshikiliwa na vipande vya jerikeni vinavyoelea, na kamba yake ikinaswa na injini mmekwisha, mtakaa hapo mkitukanwa na mwenye nyavu. Kuna mawe pia. Mimi sikuangalia chochote. Nilitazama mkono.

Kwa hiyo tulipoamua kumnunulia miwani ya jua, lilikuwa jambo kubwa. Mimi sipendi kuibiwa, na miwani ya jua ni biashara ya wizi mtupu. Kioo cheusi chochote hubandikwa kibandiko na kuitwa polaraizi. Niliwauliza wavuvi, nikawauliza madereva. Nikajifunza kwamba weusi wa kioo si kitu; kinachotakiwa ni kile kioo kinachozuia ule mng'ao unaorudi kutoka majini, ili jicho lipenye chini. Kwamba rangi ya kijivu ni ya maji ya katikati, yenye kina na jua wazi, na kahawia ni ya maji ya pembeni yenye magugu, kama tulikovua sisi. Kwamba fremu ikumbatie uso, maana jua la ziwani huingia hata kwa pembeni, na iwe na kamba ya shingoni, kwa sababu ziwa likichukua halirudishi. Na kwamba ukivaa miwani ya kweli, ukaitazama simu huku ukiilaza upande, skrini huzama giza. Nilikariri yote haya kama mwanafunzi. Baba alitaka nyeusi tii, kama za walinzi wa wakubwa. Nikamwambia ataonekana mtu wa kukamata watu. Akasema ndiyo maana anaitaka.

Tulikwenda Nakasero, kwenye kibanda karibu na soko la matunda. Muuzaji alikuwa na kadi ndogo za kupimia, zile ambazo kwa jicho tupu unaona rangi zimevurugika tu, lakini ukivaa miwani halisi picha inajitokeza. Mbele yetu alikuwa dereva wa lori, Mkongo mwenye sauti nene, akichagua miwani ya safari. Alivaa moja, akashikiwa kadi, akacheka.

"Naona samaki! Samaki mkubwa, na ndoana yake."

Akalipa akaenda zake. Muuzaji akamgeukia baba.

"Mzee, karibu. Wewe nataka ya fashoni ama ya kuendesha?"

"Ya ziwa," baba akasema. "Ya boti."

Nikachagua mimi: kahawia, nyepesi, yenye kukumbatia uso. Niliijaribu kwa simu, skrini ikazama giza vizuri. Nikamvalisha baba. Ilimkaa. Muuzaji akachukua kadi iliyokuwa juu, akaishika mbele yake.

"Mzee, sasa wewe naona nini?"

Baba alinyoosha mgongo.

"Iko samaki," alisema. "Samaki mkubwa. Sangara. Iko na ndoana."

Nilisimama upande wake, na kwa jicho tupu sikuona kitu kwenye kadi ile, rangi tu. Muuzaji alikunja uso, akanipa miwani nyingine nijaribu. Nikavaa. Gari likajitokeza. Gari jekundu, na magurudumu yake, na mtu amekaa ndani. Hapakuwa na samaki. Ilikuwa kadi nyingine, si ile ya Mkongo.

Muuzaji alifikiri bidhaa yake ndiyo inayotukanwa. Akamvua baba ile, akamvalisha ya pili. "Angalia tena, mzee. Angalia pole pole." Na baba, kwa ile sauti ya gwaride ambayo haiulizwi mara mbili, akasema samaki. Akaongeza kwamba mkia wake umepinda. Muuzaji akaanza kucheka, na nikamshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Aliniangalia usoni, akaacha. Watu wa Nakasero wana haraka lakini si wanyama.

"Tunachukua hii ya kwanza," nilisema.

"Nilikuambia ni nzuri," baba akasema.

Nilimtazama akitoka kibandani na miwani yake mpya, kidevu juu, na nikaona kitu nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitazama: anatembea akisikiliza. Mguu unatangulia kidogo, unapapasa, ndipo mwili unafuata. Boda ikapita karibu naye na hakugeuza kichwa mpaka ilipokwisha kupita. Nikamshika kiwiko. Nikamwambia tupite kwa daktari wa macho, tupimiwe saizi ya lenzi. Alijua kwamba miwani ya jua haipimiwi saizi. Alikuja hivyo hivyo.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, umri wangu. Alimulika macho ya baba kwa muda mrefu. Presha ya macho, alisema. Imekula pembeni kwanza, pande zote, bila maumivu, na sasa imefika katikati. Haikuanza mwaka huu wala mwaka jana. Yaliyokwenda hayarudi, matone yatalinda yaliyobaki, na yaliyobaki ni machache. Alisema yote hayo kwa upole, na mimi nilimchukia kwa upole ule. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa akiona siku ile.

Baba aliuliza swali moja tu.

"Ziwa naweza kwenda?"

"Kama iko mtu ya kukuonea, mzee."

"Mimi ndiye namwonea yeye," baba akasema, akinionyesha mimi. Kidole kilielekea dirishani.

Jumapili iliyofuata nilitamani aamke mgonjwa, mafua tu, chochote. Aliamka kabla ya adhana. Nilimkuta mlangoni amevaa, miwani shingoni kwa kamba yake. Ningemkatalia vipi? Kumkatalia ni kumrudisha kitandani, uso ukutani. Kumkubalia ni kumpakia kwenye boti kipofu mwenye amri. Nikabeba mishipi na mafuta ya injini, tukaenda.

Alikaa mbele, mgongo kwangu. Akavaa miwani. Tulipotoka mwaloni aliinua mkono wa kulia kama kawaida, na kwa muda mambo yalikwenda sawa, kwa sababu njia ile aliijua kwa moyo. Nilianza hata kujidanganya. Kisha nikaona vipande vya jerikeni, vya njano na vyeupe, mstari mrefu wa nyavu, na mkono wa baba ukiwa umenyooka ukielekea katikati yake.

Nilisubiri ugeuke. Haukugeuka. Nikapindisha boti kushoto.

Sikuwahi kuukaidi mkono ule tangu nizaliwe, nyumbani wala ziwani. Sijui alijuaje. Nadhani ni jua, lililokuwa likimpiga shavu moja na sasa linampiga la pili. Mkono ulibaki hewani, ukionyesha mahali ambapo boti haikuwa ikienda tena. Ulikaa vile kwa muda mrefu. Nikazima injini kwa sababu sikuweza tena.

"Umeona nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Nyavu, Baba."

"Iko karibu?"

"Karibu sana."

Aliushusha mkono taratibu, akauweka katikati ya magoti, akaushika kwa mkono wa pili kama unaomuuma. Maji yalikuwa yakigonga mbao chini yetu.

"Mimi siioni, mtoto yangu," alisema. "Nilikuwa nadhani macho itarudi."

Mabega yake yalitikisika mara moja, akayazuia.

"Sasa ongea," akasema. "Usininyamazie. Ongea."

"Samaki watakimbia, Baba."

"Waache wakimbie."

Nikaongea. Nilimwambia nyavu zinaishia wapi, na magugu yalivyojikusanya, na kwamba mlima wa Makindye uko nyuma yetu na moshi kidogo. Nilimwambia kuna ndege, mnandi, upande wa kulia, ametua juu ya jiti, ameanika mbawa, yuko karibu kiasi kwamba naona jicho lake. Baba aliitikia kwa kichwa kila nilichosema, uso wake umegeukia kushoto, kwenye maji matupu.