Sketi ya Damu ya Mzee

Siku niliyosifiwa kazini mbele ya watu wote ndiyo siku niliyoomba ardhi ipasuke inimeze.

Tulieni niwasimulie. Na msinihukumu haraka.

Nilikuwa navalisha masanamu kwenye duka la nguo. Kipaji changu kilikuwa kuzipendezesha zile zilizododa, ambazo mteja akizishika anauliza, "Sasa hii navaa na nini?"

Wifi yangu, dada wa mume wangu, nilimwombea kazi palepale. Mimi huyuhuyu!

Shukrani yake? Nikishapanga mavazi, anakimbia kwa bosi. "Bosi, nimepanga mimi."

Miezi mitatu hivyo. Akakabidhiwa dirisha la mbele, mimi nikasukumwa stoo kupiga pasi. Nyumbani namkaribisha chai, moyoni nachemka kuliko birika.

Kisha bosi akatangaza anafungua duka la pili, ng'ambo ya barabara. Atakayempendezesha siku ya uzinduzi ndiye atakayelisimamia.

Nguo aliyotaka kuivaa mwenyewe sasa! Koti la rangi ya haradali lenye maua ya zambarau. Tulilibatiza Shemeji, maana lilikuja na halikuondoka.

Nikalitoa nje juani, kama kawaida yangu. Taa zetu za dukani ni za njano, zinadanganya rangi. Nikatafuta sketi ya zambarau ileile ya maua, na blauzi nyeupe isiyo na makeke. Koti likatulia.

Nikatundika vyote stoo, nikijua mwizi wangu atapita.

Hapo shetani akanipitia. Nikaondoa ile sketi, nikaweka ya rangi ya damu ya mzee. Chini ya taa zile, hizo sketi ni mapacha. Ukizitoa juani, mbingu na ardhi.

Nikajisemea, "Utaumbuka, bibi wee."

Wifi akavibeba kwa bosi, kama kawaida yake. Siku ikafika. Bosi kavalia mlemle dukani, wageni wamejaa, wapiga picha wanasubiri nje. Wifi akashika maikrofoni. Nikakunja mikono nione mchezo.

"Leo nasema ukweli," akaanza. "Mavazi haya kapanga wifi yangu. Na yote ya miezi mitatu ni kazi yake. Jana mama alinikalisha chini, nikajiona sina maana. Wifi, nisamehe."

Makofi! Bosi akanikumbatia. "Kumbe ni wewe! Basi duka ni lako. Twende tukapige picha."

"Bosi, subiri kidogo..."

"Nisubiri nini tena?"

Akafungua mlango, akatoka juani.

Mgeni mmoja akauliza, "Huyu kavalia gizani?" Watu wakaangua kicheko, simu zote juu.

Bosi akajitazama, akanigeukia. "Hii umepanga wewe?"

Ningekanaje? Wifi alishanitaja kwenye maikrofoni.

Leo duka la pili analisimamia wifi; bosi alisema angalau yeye ni mkweli. Mimi bado niko stoo na pasi yangu. Kila jioni ananifariji, "Pole wifi, hata fundi hukosea."

"Asante wifi," namjibu, natamani kulia.

Hajui mpaka leo. Akisoma hapa, potelea mbali, nimechoka kuibeba siri hii.

Na wewe unayemwandalia mtu kisasi, msikilize kwanza anataka kusema nini. Huenda yuko njiani anakuja kukuomba radhi.